Watafiti wa Ridhaa na Kesi Iliyolala: Kifo cha Dag Hammarskjöld Karibu na Ndola, 1961

Historia ya Afrika ya miaka ya 1960 imejaa vifo visivyopata hukumu. Vingine vilichunguzwa na tume, ripoti zikachapwa, faili zikafungwa, na wenye mamlaka wakageukia shughuli nyingine. Hata hivyo, kando ya tume hizo hawakosekani watu wasiotumwa na mtu yeyote: mstaafu, mfanyakazi wa misaada, mwandishi wa gazeti, mtoto wa aliyeshuhudia. Hao huandika barua, huwauliza wazee, hukusanya karatasi, na mara nyingi husafiri kwa fedha zao wenyewe mpaka mahali penyewe pa tukio. Lugha ya michezo inalo neno linalowafaa, nalo ni ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hucheza bila mshahara. Mtafiti wa ridhaa hali kadhalika huchunguza bila kuajiriwa kwa kazi hiyo.

Makala haya yanakusudia kuitazama kazi ya watafiti wa aina hiyo katika kesi moja iliyotokea jirani kabisa na Katanga, yaani kuanguka kwa ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, katika usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Kesi hiyo haijapata jibu la mwisho hadi leo. Pamoja na hayo, ilikuwa imelala karibu miaka hamsini, na waliokuja kuiamsha hawakuwa polisi wala serikali. Inafaa kuuliza waliiamsha kwa njia gani, na ni kitu gani walichokiona ambacho tume za mwanzo hazikukiona, au zilikiona zikakipita.

Ni vema kukumbusha kwanza hali ilivyokuwa. Katanga, ikiongozwa na Moïse Tshombe, ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960. Tarehe 13 Septemba 1961 majeshi ya O.N.U. mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, yalianza operesheni iliyoitwa Morthor, na mwakilishi wa O.N.U. mjini humo, Conor Cruise O'Brien, akatangaza kwamba kujitenga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Mapigano yalizidi, kikosi cha askari wa Ireland kikazingirwa Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mpaka kikasalimu amri tarehe 17, na ndege moja ya Katanga ya aina ya Fouga Magister, iliyoongozwa na rubani wa kukodiwa, ikawa inasumbua majeshi ya O.N.U. bila kupata mpinzani angani. Hammarskjöld aliamua kukutana na Tshombe ana kwa ana ili kusimamisha vita. Mahali palipochaguliwa ni Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyokuwa bado chini ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland na serikali ya Roy Welensky, ambaye hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa upande wa Katanga.

Ndege ya aina ya DC-6, iliyoitwa Albertina, iliondoka Léopoldville jioni ya tarehe 17 ikiwa na watu 16. Kwa kuogopa ile Fouga, ilizunguka mbali upande wa mashariki hadi Ziwa Tanganyika, ndipo ikageuka kusini. Kiasi cha saa sita na dakika kumi usiku, rubani aliuarifu uwanja wa Ndola kwamba anaziona taa zake na kwamba anashuka. Baada ya hapo, kimya. Mabaki ya ndege yalikuja kupatikana rasmi alasiri ya siku ya pili, baada ya saa tisa, katika msitu ulioko kilomita kama 15 tu kutoka uwanjani. Watu kumi na watano walikuwa wamekufa. Mmoja, mlinzi wa Kimarekani jina lake Harold Julien, alikutwa hai huku ameungua vibaya. Hospitalini alisema habari za mlipuko na cheche, kisha akafariki siku chache baadaye.

Saa hizo kumi na tano za kimya ndizo zilizozaa maswali yote. Balozi mkuu wa Uingereza katika Shirikisho, Lord Alport, aliyekuwepo uwanjani usiku ule, alidai kwamba bila shaka Katibu Mkuu amebadili nia na kwenda mahali pengine. Uwanja ukafungwa. Kumbe asubuhi mapema wachoma makaa waliofanya kazi katika msitu ule walikuwa wamekwisha kuyaona mabaki. (Lubumbashi wangeitwa wachoma makala, msomaji wa Pwani asidhani kwamba walikuwa wakiunguza maandishi.) Habari ikafika katika kitongoji cha Twapia, na Timothy Kankasa, aliyekuwa katika uongozi wa kitongoji hicho na ambaye baada ya uhuru wa Zambia alishika nyadhifa za serikali, alieleza kwamba aliwaarifu polisi asubuhi hiyohiyo. Mke wake, Mama Chibesa Kankasa, naye akaja kuyathibitisha hayo miaka mingi baadaye. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi kati ya habari ya asubuhi na ugunduzi rasmi wa alasiri kuna saa kadhaa ambazo hazina maelezo, na pengine majeruhi mmoja aliyekuwa bado anapumua chini ya jua la Septemba.

Uchunguzi ulifanywa mara tatu upesi upesi. Wachunguzi wa usafiri wa anga wa Rhodesia walitangulia, ikafuata tume ya Rhodesia iliyotoa ripoti mwanzoni mwa 1962 na kusema kwamba kosa lilikuwa la rubani, aliyeshuka chini mno kabla ya kufika. Tume ya O.N.U. yenyewe, mwezi wa Aprili 1962, ilikataa kufika mwisho huo. Haikuthibitisha shambulio wala hujuma, lakini pia haikuona sababu ya kuyaondoa mawazo hayo. Ikumbukwe kwamba fikira ya kosa la rubani si upuuzi. Ndege ilikuwa imeteremsha magurudumu, ikielekea kutua kama kawaida, usiku, juu ya msitu usio na taa. Ajali za namna hiyo zimetokea mahali pengi. Balozi wa Sweden Bengt Rösiö, aliyeichunguza kesi tena kwa niaba ya serikali ya nchi yake mwaka wa 1993, naye aliafiki kwamba rubani alikosea kimo.

Tatizo liko katika namna ushahidi ulivyopimwa. Wakazi kadhaa wa sehemu zile walisema waliona ndege zaidi ya moja angani. Baadhi walisema ndege ndogo ilikuwa juu au nyuma ya ile kubwa, na kwamba waliona mwanga au moto kabla ndege kubwa haijagusa miti. Tume ya Rhodesia haikuyapa maneno yao uzito. Yalionekana hayalingani, na waliosema walionekana kuwa watu wasioaminika, au watu wanaotaka kuliaibisha Shirikisho. Maneno ya Julien nayo yalihesabiwa kuwa ya mgonjwa aliyelewa dawa. Hivyo waliokuwa karibu zaidi na tukio, yaani aliyekuwa ndani ya ndege na waliokuwa chini yake, ndio walioaminiwa kidogo kuliko wote.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hapa pana jambo la kutua na kulitazama. Ushahidi wa wachoma makaa haukufika katika ripoti kwa lugha iliyosemwa. Ulifika kwa Kiingereza. Kati ya mdomo wa shahidi na kalamu ya karani palikuwa na mkalimani, na kazi ya mkalimani haionekani tena mara tu karatasi inapopigwa chapa. Tuchukue neno moja tu. Kwa Kibemba ndege ya kusafiria huitwa indeke, neno lenye undugu ulio wazi na ndege ya Kiswahili, ila Kibemba kina neno jingine kwa yule anayeruka kwa mabawa yake, ambapo Kiswahili hutumia neno lilelile kwa wote wawili. Katika maneno ya namna hiyo mkalimani hakosei. Lakini yako maneno mengine: mwanga, moto, cheche, radi, mlio, mshindo. Kila lugha ina mipaka yake baina ya kitu kinachong'aa na kitu kinachoungua, kati ya kishindo cha kuanguka na kishindo cha kulipuka. Juu ya mipaka hiyohiyo ndipo kesi nzima inaposimama: je, moto ulitangulia kuanguka, au kuanguka kulitangulia moto? Vilevile saa. Mtu asiye na saa ya mkononi hupima usiku kwa kulala kwa watoto, kwa kupoa kwa tanuri la makaa, kwa mwezi. Mtu kama huyo akilazimishwa kutaja saa na dakika mbele ya mawakili, atataja. Na mwenzake atataja nyingine. Na tofauti hiyo itaandikwa kuwa ni uongo.

Tena haikosi kukumbukwa kwamba mwaka ule wa 1961 ulikuwa mwaka wa Cha-cha-cha, kampeni ya kuupinga ukoloni katika Rhodesia ya Kaskazini, na Mwafrika aliyekwenda polisi kwa hiari yake hakujua kama atatoka. Wachoma makaa waliokutwa na mashine ya maandishi ya siri iliyotoka katika mabaki ya ndege walishtakiwa na kufungwa. Jirani aliyeyaona hayo alijifunza kunyamaza.

Waliokuja kukivunja kimya hicho ni watu wa ridhaa. Göran Björkdahl, Mswedi mfanyakazi wa misaada ya maendeleo, alirithi kwa baba yake, aliyewahi kufanya kazi Zambia katika miaka ya 1970, kipande cha bati chenye matundu, kilichosemekana kutoka mahali ndege ilipoangukia. Bati lenyewe halikuthibitisha kitu. Ila lilimfanya aulize, na kwa muda wa miaka kadhaa alirudi Ndola mara kwa mara kuwatafuta wazee waliokuwa vijana usiku ule, akawahoji mmoja mmoja bila haraka. Matokeo yalitolewa katika gazeti la Guardian la Uingereza mwezi wa Agosti 2011. Mwaka uleule kilitoka kitabu cha Bibi Susan Williams, *Who Killed Hammarskjöld?*, ambaye yeye ni mwanahistoria wa kazi wa London, lakini uchunguzi wake pia haukuagizwa na serikali yoyote. Aliyakusanya maneno ya mashahidi, picha, barua na hati za nyaraka kutoka nchi nyingi, akaonyesha jinsi tume ya Rhodesia ilivyochagua cha kusikia.

Kilichofuata hakikutazamiwa. Kikundi cha watu wa kujitolea kiliwaomba majaji na wanasheria wanne wa kimataifa, wakiongozwa na Stephen Sedley wa Uingereza, waupime ushahidi huo mpya. Nao walifanya kazi hiyo bila malipo, na mwezi wa Septemba 2013 wakasema kwamba ipo sababu ya O.N.U. kuifungua kesi tena. Mwaka wa 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliafiki. Mwaka wa 2015 jopo la wataalamu likaundwa, na mkuu wake akawa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati huo. Kwa mara ya kwanza, kesi iliyoamuliwa zamani na watu wa Salisbury ikawa mikononi mwa hakimu wa Afrika Mashariki, mtu ambaye kwake maneno ya mzee wa kijijini si kitu kigeni.

Namna jopo lilivyofanya kazi inastahili kusomwa na kila mpenda kesi za kale. Halikuuliza tu kama habari fulani ni kweli au uongo. Liliipa kila habari daraja la uzito: hakuna, hafifu, wastani, mkubwa. Nadharia ya kwamba abiria walipigwa risasi baada ya kuanguka ilianguka yenyewe. Maneno ya waliosema waliona ndege zaidi ya moja, au ndege ikiwaka kabla ya kufika chini, yalipewa uzito wa wastani. Wastani si ushindi. Lakini kutoka katika kudharauliwa kabisa mpaka kufika katika wastani ni safari iliyochukua miaka 54, na iliyoanza kwa mtu mmoja kukaa kitako na wazee.

Othman aliendelea na kazi hiyo peke yake kwa uteuzi wa Katibu Mkuu. Katika ripoti yake ya 2017 alisema kwamba inaelekea kuwezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali, na katika zile zilizofuata, za 2019, 2022 na 2024, hakuiacha fikira hiyo, wala hakudai kwamba imethibitika. Alilalamika pia, kwa lugha ya kiungwana ya mahakama, kwamba yako mataifa, Uingereza, Marekani na Afrika ya Kusini miongoni mwao, ambayo yaelekea yana habari zaidi ya zile zilizokwisha kutolewa. Miongoni mwa yaliyojulikana ni simu ya balozi wa Marekani mjini Léopoldville, Edmund Gullion, ya tarehe 18 Septemba 1961, iliyotaja uwezekano wa kwamba ndege imeangushwa na rubani Mbelgiji wa kukodiwa. Ni dhana ya saa za kwanza, si ushahidi. Ila inaonyesha kwamba wazo la shambulio halikubuniwa na wapenda hadithi wa baadaye. Lilikuwako siku ileile.

Ingekuwa si haki kuwasifu watafiti wa ridhaa bila kutaja maradhi yao. Mtu asiyelipwa hulipwa na mapenzi ya jambo lenyewe, na mapenzi hayapendi kusikia kwamba pengine ilikuwa ajali tu. Filamu ya Mdenmarki Mads Brügger, *Cold Case Hammarskjöld*, ya mwaka wa 2019, ambamo Björkdahl naye anaonekana, ilianza Ndola ikaishia Afrika ya Kusini kwenye kikundi cha siri, na madai ya kwamba kikundi hicho kilieneza virusi vya ukimwi kwa chanjo. Wataalamu wa tiba waliyakataa madai hayo. Nyaraka za kikundi hicho zilikwisha kujitokeza tangu 1998 katika kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na zilistahili uchunguzi wa polepole. Badala yake zilifunikwa na jambo kubwa zaidi, lisilo na mguu. Hasara yake haimpati mtengeneza filamu. Inampata mchoma makaa, ambaye maneno yake, yaliyokuwa yamepata uzito wa wastani kwa taabu, yanawekwa rafu moja na uvumi.

Kuna maradhi ya pili, yasiyoonekana upesi. Shahidi aliyehojiwa baada ya miaka hamsini amekwisha kusikia redio, amesoma gazeti, amehojiwa na mtu wa kwanza kabla ya wa pili. Kumbukumbu yake inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado ikawa imejaa maneno ya wengine. Björkdahl na wenzake walilijua hilo, na nguvu ya mahojiano yao imo katika mambo yale ambayo yaligongana na yaliyosemwa 1961, si katika yale mapya.

Katanga yenyewe inatoa mfano mwingine wa watafiti wasio wa kazi, nao ni mchungu zaidi. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961. Jacques Brassinne, Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa maofisa wa Kibelgiji mjini humo wakati huo, aliichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, akawahoji wengi, kisha akaitetea kama tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles mwaka wa 1991. Alikuwa na vitu ambavyo mgeni hangeweza kupata: anwani, urafiki, imani ya waliohusika. Lakini lawama kuu aliielekeza kwa viongozi wa Kongo na Katanga. Mwaka wa 1999 Ludo De Witte, mwanasosholojia asiye na urafiki wowote katika kesi hiyo, alitoa kitabu kilichosoma nyaraka za Ubelgiji na O.N.U. kwa jicho jingine. Bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi, ambayo mwaka wa 2001 ilikiri kwamba Ubelgiji ina dhamana ya kimaadili katika mauaji hayo, na mwaka wa 2002 waziri wa mambo ya nchi za nje Louis Michel akaomba radhi. Wote wawili walikuwa watafiti wa mapenzi yao. Kilichowatenga ni mahali kila mmoja alipokuwa amesimama tangu mwanzo.

Wala Lubumbashi haina haja ya kwenda mbali kutafuta mtangulizi. Mwaka wa 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa niaba ya wenzake historia ya mji wao kwa Kiswahili cha mji wenyewe, ile *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ambayo Johannes Fabian aliitoa upya na kuifafanua mwaka wa 1990. Maandishi yake hayafuati tahajia ya shule, na msomaji hulazimika kuyasoma kwa sauti ili yaeleweke. Lakini ndiyo maana yamehifadhi kile ambacho ripoti za Ndola zilipoteza: sauti ya anayesimulia, na mpangilio wake mwenyewe wa mambo, kabla ya karani.

Habari ya Albertina ina upande wa Ndola na ina upande wa Katanga. Fouga iliruka kutoka Kolwezi. Askari wa kukodiwa walilala, walikula na walilewa katika miji ambayo wapishi, madereva na wabeba mizigo wake walisema Kiswahili. Mtu aliyekuwa na miaka 20 usiku ule sasa amevuka 80. Anayekwenda kumhoji na aandike kwanza Kiswahili kilichosemwa, neno kwa neno, na swali lililoulizwa kabla yake, na jina la lugha iwapo mzee amehamia Kibemba, Kiluba au Kisanga katikati ya sentensi. Tafsiri ya Kifaransa na ifuate katika ukurasa wa pili.